Aliye juu mngoje chini: Jinsi redio inavyosaka puto lililopanda hadi ukingoni mwa anga

TUCHUKULIE kwamba mkulima mmoja wa Gatundu anaamkia shamba lake la kahawa na kukuta kisanduku cheupe kikining’inia mtini. Kimeundwa kwa povu gumu lile linalofungia runinga mpya dukani. Kimefungwa kwa kamba ndefu, na mwishoni mwa kamba pana parachuti ndogo pamoja na vipande vya mpira vilivyoraruka.

Ndani ya kisanduku, taa ndogo inawaka na kuzima.

Atafanya nini? Huenda akadhani ni bomu na kuita majirani. Huenda watoto wakakibomoa ili kutoa betri. Huenda pia akakitupa motoni pamoja na takataka nyingine, na kazi ya miezi mingi ya watu asiowajua ikaishia jivuni.

Kwa hakika, kisanduku hicho kimetoka mbali kuliko ndege yoyote ya abiria inayopita juu ya Thika ikielekea Nairobi. Kimefika kilomita 30 juu ya ardhi, mahali ambapo mbingu ni nyeusi mchana na hewa ni haba mno hivi kwamba binadamu hawezi kuishi bila vazi maalumu. Na huenda wakati huo huo wenyewe wako njiani, wakiwa na redio na antena mkononi, wakikitafuta.

Makala haya yanaeleza jinsi maputo hayo yanavyopaa, jinsi wapenzi wa redio wanavyoyafuata, na kwa nini eneo la Ruiru na Thika linafaa kwa kazi hiyo ingawa lina mitego yake.

Si kitu kigeni

Maputo ya angani si jambo jipya nchini Kenya. Idara ya Hali ya Anga, yenye makao yake Dagoretti Corner jijini Nairobi, imekuwa ikirusha maputo kwa miaka mingi ili kupima joto, unyevu na upepo wa tabaka za juu. Tangu 1996, ikishirikiana na wataalamu wa Uswisi, pia imekuwa ikirusha vipimo vya gesi ya ozoni, ile inayotukinga dhidi ya miale hatari ya jua.

Kote duniani, vituo vya hali ya hewa vinavyofuata utaratibu kamili hurusha maputo mara mbili kwa siku, kwa saa moja ileile. Kwa saa za Afrika Mashariki, vipimo hivyo ni vya saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Takwimu hizo ndizo huingizwa katika tarakilishi kubwa zinazotayarisha utabiri.

Umuhimu wake si wa kubahatisha. Kati ya Machi na Mei 2024, mvua kubwa ilisababisha mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini. Mtabiri asiyejua unyevu uliopo kilomita tatu, tano au kumi juu yetu ni sawa na daktari anayempima mgonjwa kwa kumtazama usoni tu. Bara la Afrika lina vituo vichache mno vya kurusha maputo likilinganishwa na Ulaya, na kila puto linalopaa huku lina uzito wake.

Historia yenyewe ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mnamo 1908, wanasayansi wa Kijerumani Arthur Berson na Hermann Elias walileta maputo Afrika Mashariki na kuyarusha juu ya Ziwa Victoria. Waligundua kwamba anga ya juu ya ikweta ni baridi kuliko ile ya Ulaya, kwani vipimo vyao vilionyesha zaidi ya nyuzi 80 chini ya sufuri. Vilevile walikuta upepo wa kutoka magharibi mahali ambapo wataalamu walitarajia upepo wa mashariki pekee.

Lakini zingatia jambo moja. Wakati huo hakukuwa na redio ya kutuma vipimo kutoka angani. Chombo kilijichorea chenyewe, na ni lazima kipatikane. Puto likipotea, elimu yote iliyomo ilipotea nalo.

Redio ilibadilisha mambo. Mwaka wa 1929 Mfaransa Robert Bureau, na Januari 1930 Mrusi Pavel Molchanov, walirusha vyombo vilivyotuma vipimo kwa mawimbi ya redio vikiwa bado hewani. Tangu hapo, idara nyingi za hali ya hewa hazijishughulishi kutafuta kisanduku kilichoanguka, maadamu habari zake zimekwisha kupokewa. Nchini Marekani, ambako karibu maputo 75,000 hurushwa kila mwaka, chini ya asilimia 20 ya vyombo hivyo ndivyo hupatikana na kurejeshwa.

Kwa mwanafunzi au mpenda sayansi, mambo ni tofauti. Kamera yake, picha zake na vipimo vyake vingi vimo ndani ya kisanduku. Hana budi kukipata.

Wapenzi wa redio ni nani?

Redio ya ridhaa ni uraibu wa watu waliopewa leseni ya kuzungumza na kutuma ishara kwa masafa maalumu, bila malipo wala biashara. Nchini Kenya leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na mwenye leseni hupewa jina la redio ambalo kwa kawaida huanza kwa 5Z4. Chama chao kinatunza pia mtambo wa 5Z4B, ambao ni mmoja wa minara 18 iliyotapakaa duniani ikituma ishara kwa zamu ili watu wapime jinsi mawimbi yanavyosafiri.

Watu hawa wamezoea kunasa ishara dhaifu kutoka mbali. Setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, ilipoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mnamo Mei 11, 2018, wapenzi wa redio katika mataifa mbalimbali walikuwa miongoni mwa waliosikiliza sauti yake.

Puto ni jirani wa karibu wa setilaiti. Linafundisha mambo yaleyale kuhusu baridi, nishati, mawasiliano na hesabu, lakini kwa gharama ndogo mno. Ndiyo sababu shule na vyuo katika nchi nyingi hulitumia. Mmarekani Bill Brown aliporusha puto lenye kamera ya televisheni kutoka Findlay, jimbo la Ohio, mnamo Agosti 1987, aliwafungulia wengi njia.

Puto linavyopaa na kupasuka

Puto lenyewe ni la mpira laini. Hujazwa gesi nyepesi kuliko hewa, ama heliamu ama haidrojeni. Haidrojeni ni rahisi kutengeneza lakini hushika moto upesi, na asiye na mafunzo asiiguse.

Likiachiliwa, puto hupanda kwa kasi ya takriban mita tano kwa sekunde. Thika iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa hivyo safari ya kufika kilomita 30 itachukua kama saa moja na dakika 35.

Kadiri linavyopanda ndivyo shinikizo la hewa inayolizunguka linavyopungua. Katika kilomita 30, shinikizo hilo ni kama sehemu moja kwa mia ya lile la pwani. Gesi iliyo ndani hupanuka, na puto lililokuwa na kimo cha mtu mzima lilipoondoka hugeuka kuwa pana kama chumba. Mwishowe mpira hushindwa na kupasuka.

Hapo kisanduku huanza kuanguka. Mwanzoni huenda kwa kasi kubwa kwa sababu parachuti haina hewa ya kushika. Kikikaribia ardhi, hewa huwa nzito, na parachuti hukipunguza kasi hadi mita tano hivi kwa sekunde.

Njiani kimepita katika baridi kali. Juu ya ikweta, sehemu iliyo baridi zaidi iko kilomita 16 au 17 kutoka baharini, ambako joto hushuka karibu nyuzi 80 chini ya sufuri. Betri za kawaida hufa huko. Warushaji hutumia betri za lithiamu zinazostahimili baridi, na lile povu jeupe ndilo blanketi lake.

Kwa nini redio, si simu?

Wengi huuliza: kwa nini usitie tu rununu ndani ya kisanduku, kisha ukapige?

Jibu ni kwamba antena za minara ya simu zimeelekezwa chini, waliko wateja. Puto likishapanda kilomita chache, simu hupoteza mtandao. Hurudi tu ikiwa kisanduku kimeanguka mahali penye mtandao, na kama hakikulala kifudifudi bondeni. Simu inaweza kuwa akiba, lakini si tegemeo.

Redio ndogo ya puto hufanya kazi nyingine. Ndani yake mna kipokezi cha GPS kinachojua kilipo. Kila baada ya sekunde chache, redio hutangaza mahali kilipo, urefu kutoka ardhini na wakati. Baadhi hutumia masafa ya megahezi 144.800, ambayo katika Afrika na Ulaya ndiyo desturi ya kutangazia mahali; wengine hutumia yale ya karibu na megahezi 434.

Nguvu inayohitajika ni ndogo ajabu. Ishara ya miliwati 10, yaani sehemu moja kwa mia ya wati moja, inaweza kusikika mamia ya kilomita. Siri yake ni urefu. Mawimbi haya husafiri kama mwanga, kwa mstari ulionyooka, na kizuizi chake kikuu ni mviringo wa dunia. Kutoka kilomita 30 juu, upeo wa macho uko zaidi ya kilomita 600. Puto lililo juu ya Thika linaweza kusikika Kisumu, Mombasa na hata Moshi, mradi msikilizaji awe na antena nzuri mahali pa wazi.

Lakini tahadhari ichukuliwe dukani. Vipokezi vingi vya GPS huzima vyenyewe vikipita kilomita 18, kutokana na masharti ya zamani yaliyowekwa ili visitumike katika makombora. Aliyenunua bila kuuliza hupoteza puto lake njiani, kabla hata halijapasuka.

Upepo ndio dereva

Puto halina usukani. Huenda upepo uendako. Kwa hivyo kazi ya kulipata huanza kabla halijarushwa, kwa kupiga hesabu ya pepo za kila tabaka. Programu za bure mtandaoni huchukua utabiri wa upepo, kasi ya kupanda na urefu linapotarajiwa kupasuka, kisha huchora mahali litakapoangukia.

Tuseme upepo una wastani wa kilomita 30 kwa saa na safari nzima ni saa mbili. Kisanduku kitaangukia kilomita 60 kutoka kilikorushwa.

Msimu wa kusi, upepo wa chini huvuma kutoka kusini mashariki. Puto lililorushwa Thika huelekea Gatanga, bwawa la Ndakaini na safu ya Nyandarua. Kilomita 60 upande huo ni Kinangop, ng’ambo ya msitu wenye ndovu na vilele vinavyokaribia mita 4,000. Kisanduku kikitua ndani ya msitu huo, mtu haingii hivi hivi. Sharti apate idhini ya wanaousimamia.

Msimu wa kaskazi, upepo hutoka kaskazini mashariki na kulisukuma puto kuelekea Kiambu na Nairobi. Huko kuna paa za watu, barabara zilizojaa magari, na njia za ndege zinazotua na kupaa. Siku ambayo hesabu inaonyesha hivyo, mwenye busara huahirisha.

Juu zaidi ya kilomita 20 pana jambo jingine. Upepo wa ikweta hubadilisha mwelekeo, mara mashariki, mara magharibi, kwa mzunguko wa takriban miezi 28. Mwaka mmoja puto litazidi kusukumwa mbali. Mwaka mwingine litarudishwa nyuma karibu na lilikotoka. Ndiyo sababu hesabu ya mwaka jana haifai mwaka huu.

Masikio mawili: Ruiru na Thika

GPS ikifanya kazi hadi mwisho, mambo ni mepesi. Kizungumkuti huanza inapokwama. Hapo ndipo ujuzi wa kale wa wapenzi wa redio unapohitajika: kutafuta chanzo cha ishara kwa antena inayoelekezwa upande mmoja.

Msikilizaji huzungusha antena polepole hadi ishara isikike kwa nguvu zaidi, kisha husoma dira na kuchora mstari kwenye ramani. Mstari mmoja hausemi umbali. Mistari miwili kutoka mahali pawili hukatana, na mkatano ndio jibu.

Ruiru na Thika, ambazo ziko umbali wa takriban kilomita 20, zinafaa kwa zoezi hili. Ikiwa kisanduku kiko Gatundu, aliye Ruiru atakisikia upande wa kaskazini, naye aliye Thika atakisikia upande wa magharibi. Mistari yao hukatana vizuri.

Lakini kikiangukia Murang’a au kwingineko kaskazini mashariki, katika mstari uleule wa barabara kuu inayounganisha miji hiyo, antena zote mbili zitaelekea upande mmoja. Mistari italingana na haitakatana waziwazi. Hapo sharti kundi moja lihame, labda hadi Kilimambogo.

Usahihi nao una mipaka. Kosa la nyuzi tano kwa umbali wa kilomita 20 huleta tofauti ya karibu kilomita 1.7. Hiyo ni vijiji viwili au vitatu. Ndiyo sababu mistari hurudiwa kila makundi yanaposogea karibu.

Jambo lingine ni matuta. Ardhi ya Gatundu na Gatanga ni migongo mirefu inayoshuka kutoka Nyandarua, na kati yake mna mito kama Chania, Thika na Ndarugu. Kisanduku kilichoanguka bondeni hakisikiki mgongo wa pili, hata ukiwa nusu kilomita. Msakaji hodari hakimbilii bonde; hupanda mgongo kwanza, husikiliza, kisha huteremka.

Taarifa ya mwisho kusikika pia ni hazina. Ikiwa kisanduku kilinyamaza kikiwa mita 500 juu ya ardhi na kinashuka mita tano kwa sekunde, basi kimebakiza sekunde 100. Upepo ukiwa mita tano kwa sekunde, kitakuwa kama mita 500 kutoka hapo, upande upepo uendako. Duara la kutafutia limeshapungua.

Na ukikaribia sana, ishara huwa na nguvu kila upande hivi kwamba antena haisaidii. Hapo msakaji huishikilia redio kifuani na kugeuka taratibu. Mwili wake huziba mawimbi; ishara inapofifia kabisa, kisanduku kiko nyuma ya mgongo wake.

Siku hizi wapo pia wanaotumia kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tarakilishi na kuigeuza kuwa kipokezi cha redio. Wasikilizaji hao hutuma wanachonasa katika mtandao wa SondeHub, ulioanzishwa na wapenzi wa redio, ambao huonyesha kwenye ramani maputo ya hali ya hewa yaliyo hewani duniani. Maeneo mengi ya Ulaya yamejaa wasikilizaji. Kwetu ramani bado ina nafasi nyingi tupu, na kijana mmoja wa Juja mwenye antena juu ya paa anaweza kuziba mojawapo.

Sheria na shamba la watu

Kurusha puto si mchezo wa kuamkia tu. Kanuni za kimataifa za usafiri wa ndege huhesabu puto lenye mzigo usiozidi kilo nne kuwa jepesi, lakini wepesi huo hauondoi wajibu. Eneo la Ruiru na Thika liko jirani na viwanja vya ndege vya Nairobi, na anga yake ina shughuli. Sharti mrushaji aombe idhini ya mamlaka ya usafiri wa ndege mapema, na masafa ya redio yakubaliwe na Mamlaka ya Mawasiliano.

Wakenya wamekwisha kuona jambo hili likifanywa kwa utaratibu. Maputo makubwa ya kampuni ya Loon, yaliyoelea kilomita 20 juu yakisambaza mtandao kwa wateja wa Telkom Kenya, yalianza kazi rasmi Julai 2020 na yakafungwa mapema 2021. Kila moja lilikuwa na kifaa cha kuwaonyesha wasimamizi wa anga lilipo, na yaliposhuka yalifuatwa na kuokotwa.

Chuoni JKUAT, mjini Juja, wanafunzi wa mradi wa Nakuja nao wamekuwa wakiunda roketi ndogo zinazotuma habari kwa redio na kurudi kwa parachuti. Somo ni lilelile: kinachopaa ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kukirudisha.

Na kukirudisha kuna adabu zake. Shamba lina mwenyewe. Msakaji hapandi ua wala hakanyagi miche kwa sababu kisanduku chake kiko ng’ambo. Hubisha hodi, hujitambulisha, hueleza, na kusubiri. Akionyesha picha iliyopigwa kutoka angani, aghalabu mwenyeji ndiye atakayetangulia kuutafuta mti.

Ukikiokota wewe

Basi turudi kwa yule mkulima wa Gatundu. Afanyeje?

Kwanza, asikiguse hadi akitazame. Chombo cha hali ya hewa au cha wanafunzi kwa kawaida huwa chepesi, kina parachuti, kamba na mabaki ya mpira, na huandikwa jina na namba ya simu ya mwenyewe. Kisipokuwa na maandishi, au kikimtia shaka, awaite polisi au chifu.

Pili, asikivute kikiwa kimenasa kwenye nyaya za umeme. Kamba iliyolowa inaweza kuua. Kazi hiyo ni ya kampuni ya umeme.

Tatu, awakataze watoto kuchezea betri. Lithiamu ikitobolewa au kutupwa motoni hulipuka.

Nne, apige simu iliyoandikwa. Upande wa pili huenda akasikia kelele za shangwe za wanafunzi walioketi kwenye gari tangu asubuhi, wakiwa hawajui waelekee wapi.

Wahenga walinena kwamba aliye juu mngoje chini. Kwa puto la angani, kungoja peke yake hakutoshi. Litashuka, hapana shaka, lakini litashukia shamba la mtu, na kulipata kutategemea redio ya miliwati chache, mistari miwili kwenye ramani, na wema wa aliyeliona wa kwanza.